Baba anataka shule ya grama, mtoto anaficha karatasi

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimetoka kazini asubuhi hii, watoto wameshakwenda shule, na nisipoandika sasa sitaandika tena. Kwetu ni Tanga, ila miaka mingi sasa naishi Slough, huku magharibi ya London. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu anaendesha gari la kusambaza mizigo. Tuna watoto wawili, na yule mkubwa, binti, yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kazaliwa mwisho wa Agosti, kwa hiyo darasani kwao yeye ndiye mdogo wa wote.

Tangu mwaka jana nyumbani kwetu hakuna mazungumzo ila shule ya grama. Kwa wasomaji wasioishi huku: ni shule za sekondari za serikali, hazina ada, lakini mtoto haingii mpaka afaulu mtihani anaoufanya mwanzoni mwa mwaka wa sita, ule wanaouita 11+. Hapa Slough ziko nne. Mume wangu ana neno lake la kila siku: "Wenzio wanahama makwao kuzifuata, wewe umeletewa mlangoni unalalamika."

Yeye alisoma Mzumbe, ile sekondari ya waliofaulu sana. Baba yake alikuwa kibarua wa mkonge, na shule yake ya msingi walikuwa wanakaa chini. Anaamini kwamba jina lake lisingetoka kwenye ile orodha ya waliochaguliwa, leo angekuwa anakata mkonge. Huku digrii yake haikumfikisha popote, ila hilo kwetu halisemwi.

Halafu kuna wifi yangu, anakaa kusini mwa London, mwanawe yuko grama. Kila ripoti ya shule ikitoka anaipiga picha na kuirusha kwenye grupu la familia. Mume wangu akiiona, siku hiyo hata chakula hakishuki.

Mwalimu wa tuisheni anachukua pauni 40 kwa saa. Tulianza mara moja kwa wiki, sasa baba yake anataka mara mbili, na kuna kituo kinachotaka tusaini mkataba mpaka siku ya mtihani. Jumamosi baada ya chai mtoto anakaa mezani, simu imewekwa mbele yake inahesabu dakika, zikiisha baba anachukua karatasi hata kama hajamaliza. Analia. Anasema hana akili. Wiki iliyopita niliivuta mashine ya kufulia nifagie, nikakuta karatasi za mazoezi zimesokomezwa nyuma yake, nyingi tu, nyingine hazijaguswa. Sikumwambia baba yake. Nimezificha tena mimi mwenyewe, kabatini kwangu.

Na sasa imepita amri kwamba siku za shule tusiongee Kiswahili nyumbani, ili Kiingereza chake kikae sawa. Yaani mimi na Kiingereza changu cha kuulizia wazee wameshakunywa dawa, ndiye nimwongezee mtoto msamiati!

Mwalimu wake wa darasa aliniambia kusoma yuko juu ya kiwango cha umri wake, hesabu yuko kwenye kiwango. Nilipomuuliza kama anafaa kufanya 11+ alitabasamu tu, akasema hilo ni la familia kuamua.

Shule ya sekondari ya kawaida iko mtaa wa pili, anakwenda kwa miguu, na marafiki zake wengi ndiko wanakokwenda. Niliitembelea na jirani siku waliyofungua milango kwa wazazi. Mimi niliipenda. Watoto walikuwa wanatutembeza wenyewe, wanaongea bila woga. Baba yake anaiita shule ya walioshindwa. Tena amesikia kazini kwamba ukiiandika shule ya kawaida kwenye fomu, zile za grama zinaona huna nia na zinamkataa mtoto. Kwa hiyo anataka tuandike zile nne tu, basi.

Shangazi, mimi niliishia kidato cha nne. Nikianza kubishana naye kuhusu shule, ananiangalia tu, nami nanyamaza. Nimwachie yeye anayejua mambo ya kusoma? Au nimtoe mtoto kwenye mtihani huu kabla hajavunjika moyo kabisa? Na kweli grama ni sawa na Mzumbe?

Mama wa mwaka wa tano, Slough

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na kazi ya usiku.

Wewe na mwenzio mnagombania karatasi ambayo peke yake haiamui kitu. Mtihani wa Septemba haumpeleki mtoto shule yoyote. Kinachompeleka ni fomu ya maombi ya sekondari ya halmashauri, ambayo mwisho wake ni tarehe 31 Oktoba. Matokeo ya mtihani hutoka kabla ya tarehe hiyo, makusudi, ili mzazi ajaze fomu akijua amesimama wapi. Binti yako anaweza kufanya mtihani, akafaulu, na bado mkaamua aende shule ya mtaa wa pili. Anaweza asifaulu, na siku ya kujaza fomu ikawa rahisi kuliko mnavyodhani. Lakini asipoandikishwa kwa mtihani, mlango mmoja umefungwa, na utakuwa umeufunga wewe, jambo ambalo baba yake hatalisahau.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: mwandikisheni. Haigharimu kitu. Usajili kwenu hufunguliwa majira ya machipuko na kufungwa kabla ya likizo ndefu ya kiangazi, na asiyewahi hapokelewi, basi tarehe ya mwaka huu itafuteni wenyewe kwenye tovuti za shule zile nne. Ugomvi wa shule ipi uwekeni mpaka Oktoba. Nina sharti moja, nitalisema mbele.

Sasa fomu, maana hapo ndipo mume wako anaweza kumdhuru mtoto bila kukusudia. Hayo aliyoyasikia kazini si kweli. Kanuni za uandikishaji za serikali zinakataza shule kumpa au kumnyima mtoto nafasi kwa sababu mzazi aliiweka ya kwanza au ya tano. Shule zinapopanga watoto hazioni kabisa mpangilio wenu. Kila moja inampima kwa vigezo vyake kana kwamba ndiyo peke yake iliyoombwa, kisha halmashauri inaangalia ni zipi zimemkubali, na inampa ile mliyoiweka juu kuliko nyingine. Ndiyo kusema mnaweza kuandika grama mbili juu na shule ya mtaani chini yake, na ile ya mtaani isipunguze hata chembe ya nafasi ya zile za juu.

Fikiria basi mkiandika grama nne tu, na mtoto akakosa alama. Hapo hamna ombi hata moja linaloweza kukubaliwa. Halmashauri itasubiri wote walioomba vizuri wapangiwe, halafu itampa binti yako nafasi iliyobaki, popote ilipobaki, na shule ya mtaa wa pili huenda imeshajaa watoto wa majirani zako. Barua hiyo inakuja tarehe 1 Machi, au siku ya kazi inayofuata. Mzazi aliyedhani ameonyesha msimamo ndiye anayekwenda kupigania orodha ya kusubiri mwezi huo. Kwa hili usinyamaze. Huhitaji digrii kulijua, na ukitaka kitu cha kumwonyesha, liko kwenye kijitabu cha halmashauri cha maombi ya sekondari, kwenye kurasa zinazoeleza namna nafasi zinavyotolewa.

Umeniuliza kama grama ni Mzumbe. Namwelewa sana mume wako kwa hilo. Mtoto wa kibarua anayetoka shule ya kukaa chini akaitwa Mzumbe, au Ilboru, au Kibaha, au binti akaitwa Kilakala au Msalato, anahamishwa dunia. Walimu wapo, maabara ipo, vitabu vipo, na umbali kati ya hapo na sekondari ya kata ya kijijini ni mkubwa kweli. Ameuona kwa macho yake. Anachokosea ni kudhani kwamba umbali ule ule uko Slough.

Tazama grama zilivyofika hapa zilipo. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwafungulia watoto wote sekondari ya bure, na kwa mujibu wa utaratibu uliofuata wakawa wanagawanywa wakiwa na miaka 11: wachache grama, walio wengi shule nyingine ambazo hazikutarajiwa kumfikisha mtoto chuo kikuu. Mume wako angeishi Uingereza ya wakati ule ningemwambia ana haki ya kukosa usingizi. Lakini mwaka 1965 serikali ya Labour ilizitaka halmashauri ziachane na mchujo huo, na nyingi ziliachana nao. Chache zilishikilia, Kent, Buckinghamshire, na hapo kwenu Slough. Sheria ya 1998 ikakataza kufungua mpya. Zilizobaki England nzima ni 163. Wales na Uskoti hawana hata moja. Ireland ya Kaskazini wanazo zao na mtihani wao. Mtoto hodari wa Leeds au Brighton hana grama ya serikali mjini kwao, anakwenda shule ya kawaida, anafanya mitihani ile ile ya GCSE, ya miaka 16, na udaktari au uhandisi anasomea kama wengine. (Kuna shule za kulipia zenye neno hilo hilo la grama kwenye jina, na ada zake ni za kukata pumzi. Wifi yako asije akakuchanganya.)

Hizo za kawaida anazoziita za walioshindwa zinalipwa na serikali ile ile. Hapo mtaani kwenu si kwamba waliofeli wamekusanywa huko. Wamo ambao wazazi hawakuwaandikisha kabisa, wamo waliofaulu wakakosa nafasi, wamo waliochagua.

Na mbona matokeo ya grama yanang'aa hivyo? Kwa sababu wanaoingia walikuwa wanang'aa kabla hawajaingia. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Durham, Stephen Gorard na Nadia Siddiqui, walichambua takwimu za nchi nzima, na walichokiona ni kwamba ukishahesabu uwezo ambao watoto walitoka nao shule ya msingi pamoja na hali za makwao, grama haziwazidi wengine. Utafiti huo una wapinzani wake, na sisemi kwamba grama ni shule mbaya. Zina uzuri ambao takwimu hazishiki: mtoto mpenda vitabu hachekwi kwa kupenda vitabu, na mwenye kasi anakutana na wenye kasi wenzake. Kwa mtoto fulani hilo ni jambo kubwa. Swali ni kama binti yako ni mtoto huyo, na hilo mwalimu wa tuisheni hawezi kukujibu kwa kuwa analipwa kwa saa.

Tuje kwenye alama. Kwenu inayotakiwa ni 111, na alama za namna hii hupangwa ili 100 iwe wastani. Tena hurekebishwa kwa umri, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwisho wa Agosti halinganishwi kibubusa na wa Septemba aliyemzidi karibu mwaka mzima. Hilo limfariji kidogo. Lakini 111 inamfanya mtoto astahili kufikiriwa tu. Watoto wanakuja kufanya mtihani kutoka nje ya Slough, waliofikisha alama wanaweza kuzidi viti, na hapo kila shule inatumia vigezo vyake. St Bernard's ni ya Kikatoliki na Wakatoliki wanatangulia. Herschel, Langley na Upton Court kila moja ina utaratibu wake kuhusu anayeishi karibu, mwenye ndugu shuleni, na mtoto wa familia inayosaidiwa na serikali. Someni utaratibu wa mwaka wenu, maana hubadilika. Na kama mapato yenu yanawastahilisha chakula cha bure shuleni, ombeni hata kama binti anabeba chakula chake, kwa kuwa shule nyingi za grama siku hizi zinawapa watoto hao kipaumbele. Nawajua wazazi wetu: wanaona aibu kuomba, na aibu hiyo inamnyima mtoto kiti.

Baba yake akileta wazo la kuongeza mtihani wa Buckinghamshire kwa sababu grama ya Burnham iko jirani, mwambie ni mtihani mwingine, usajili mwingine na alama nyingine, 121. Kwa mtoto anayeficha karatasi nyuma ya mashine, mtihani mmoja unatosha.

Hizo karatasi sasa.

Mtoto hafichi kazi kwa uvivu. Anaficha kwa sababu amegundua kwamba kila karatasi ni nafasi nyingine ya kuonekana hajatosha. Ukimwongezea karatasi unamwongezea sababu ya kuficha. Zitoe kabatini. Mkae wawili, bila simu inayohesabu dakika, muulize zipi alizichukia na zipi alizipenda walau kidogo. Nadhani utakuta za maneno hazimtishi, kwa kuwa ni msomaji, na zinazomuua ni za hesabu huku dakika zinahesabiwa. Basi kazi imepungua: mazoezi mafupi ya hesabu, akiwa hajachoka, saa iwekwe baada ya yeye kuzoea aina ya maswali na si kabla. Shule nyingi za msingi za serikali haziwaandai watoto kwa mtihani huu, na maswali ya mantiki ya maumbo ni mageni kwa mtoto yeyote asiyewahi kuyaona, kwa hiyo kumzoesha ni haki yake. Kumzoesha hakuhitaji pauni 80 kwa wiki. Kampuni ya GL Assessment, inayotunga mitihani ya maeneo mengi, ina karatasi za mfano za bure kwenye tovuti yake. Maktaba ya mtaa huwa na vitabu vya mazoezi. Saa moja ya tuisheni mnayolipia sasa iacheni kama mtoto anampenda mwalimu. Ya pili sikubaliani nayo.

Na lile sharti nililotaja: ikifika Juni bado analia kila Jumamosi, au ameanza kukosa usingizi, au anaumwa tumbo asubuhi ya mazoezi, mazoezi yanasimama. Afanye mtihani wa Septemba kwa alichonacho, au asifanye. Lisemeni leo, nyote wawili, kabla hasira hazijaingia, ili Juni lisiwe neno lako dhidi ya lake. Sitaki mtoto wa miaka kumi na moja aingie sekondari yoyote, ya grama au ya kawaida, akiwa ameshajihukumu kwamba hana akili.

Kuhusu Kiswahili nitakuwa mkali. Hiyo amri ifutwe leo hii. Mtoto anayesoma juu ya kiwango cha umri wake hapungukiwi na Kiingereza. Shuleni anakizungumza mchana kutwa na walimu wanaokijua kuliko nyinyi. Mnachomnyima ni mama yake. Wewe usiku hupo, asubuhi umelala, jioni unazo saa chache tu naye, na hizo ndizo umwongeleshe kwa Kiingereza cha kuulizia dawa? Msimulie, mtanie, mgombeze kwa Kiswahili. Anayeweza kuzungumza na mama yake ndiye atakayekuambia shule ikimshinda.

Kuichunguza shule ya mtaani. Uliipenda, na macho yako yana thamani kuliko unavyodhani, lakini mume wako anataka takwimu, mpe takwimu. Serikali ina tovuti ya kulinganisha shule, na humo kuna kipimo cha Progress 8, kinachomtazama mtoto alikoanzia mwisho wa shule ya msingi na alikofika kwenye GCSE katika masomo manane. Sifuri ni wastani wa nchi. Juu yake ina maana shule imewasogeza watoto kuliko ilivyotarajiwa. Tazameni ya 2024 kurudi nyuma, kwa kuwa ya 2025 na 2026 haipo: watoto wa miaka hiyo hawakufanya mitihani ya mwisho wa msingi wakati wa korona. Kisha, kwenye tovuti hiyo hiyo, tafuteni matokeo ya watoto walioingia wakiwa na kiwango cha juu, maana hao ndio wenzake binti yako kwenye kusoma. Wastani wa shule nzima haukuambii mengi juu yake. Ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule, isomeni yote. Tangu Septemba 2024 shule hazipewi tena neno moja la jumla, kwa hiyo anayekuambia mtaani kwamba "ile ilipata daraja la juu kabisa" anazungumzia habari za zamani.

Halafu nendeni, wote wawili, na baba yake akiwa mbele. Si kwa ziara ya jioni ya maua na biskuti tu. Pigeni simu muombe kupita siku ya masomo. Mwacheni yeye aulize, kwa kuwa shule ni uwanja wake: hesabu wanagawa madarasa kwa uwezo kuanzia mwaka gani? Fizikia, kemia na biolojia mtoto anaweza kuzisoma kila moja peke yake mpaka GCSE? Walimu wangapi wa hesabu wameondoka mwaka uliopita? Mtoto mpole akikaa kimya darasani, nani anamwona? Maswali hayo hayo kayaulizeni na grama. Mzumbe hakuchagua, alichaguliwa. Hapa amepewa kuchagua, na nadhani hajazoea. Usimshinde kwa hoja, mwanangu. Mpe kazi.

Kuna na hili atakalolipenda: akiwa na miaka 16, baada ya GCSE, grama nyingi hupokea wanafunzi wapya kwa miaka miwili ya mwisho kwa matokeo yao, bila 11+. Mtoto asiyeingia akiwa na miaka 11 anaweza kuingia wakati huo akiwa amekomaa na anataka mwenyewe.

Na rufaa ipo. Akinyimwa shule mnayoitaka, jopo huru litawasikiliza. Ila kwa grama, kwa mtoto asiyefikisha alama, itabidi mlete ushahidi kutoka shuleni kwamba kiwango anacho na kwamba siku ile kulikuwa na sababu. Machozi hayatoshi. Kama ataumwa siku ya mtihani msimpeleke kwa nguvu; waarifuni mapema, kuna siku nyingine hupangwa kwa wagonjwa.

Binti mwambieni mapema, akiwa bado hajafanya chochote, kwamba kuna shule mbili mnazozifikiria, zote mmezitembelea, na ataenda mojawapo. Aione na hiyo ya mtaani akiwa nanyi, ili asiijue kama mahali anapotupwa. Msimwahidi simu wala baiskeli akifaulu. Kama mnataka kumnunulia baiskeli, mnunulieni siku ya mtihani jioni, bila kusubiri matokeo.

Wifi yako mwache na grupu lake. Likikukera, lizime mlio. Matokeo ya Oktoba yabaki ya watu wanne wa nyumba yako mpaka binti mwenyewe atakapotaka kuyasema, na hapa mume wako akuahidi kwa mdomo wake, maana najua mikono yake itamwasha.

Na ule mkataba wa kituo cha tuisheni usisainiwe kabla hamjauliza kwa maandishi: tukiacha Juni, tunarudishiwa kiasi gani? Wakisita kujibu, hela zenu zibaki mfukoni.